Hicho ni Kidole, si Nati: Jinsi ya Kuingia Usiku wa Salsa na Bachata Nairobi

Ninauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kazi yangu inataka masikio kuliko macho. Mteja anafungua boneti, anakanyaga mafuta kidogo, na kabla hajamaliza kulalamika nimeshajua kama ni plagi, ni beringi, au ni mkanda wa feni unaolia kwa sababu ya mvua ya jana. Kwa hiyo nilipoanza kwenda salsa, nikiwa na miaka 41, nilikuwa na kiburi. Nilijiambia muziki ni injini tu, nitausikia.

Usiku wa kwanza, Westlands, nilimshika binti mmoja mkono nikamzungusha vile nilivyoona kwenye simu. Akasimama katikati ya wimbo. Akauinua mkono wake pamoja na wangu mpaka usawa wa macho yangu, akakitazama kidole chake kilichobanwa ndani ya ngumi yangu. "Anko," akasema kwa upole, "hicho ni kidole, si nati."

Nilikaa chini saa nzima nikinywa Stoney. Miaka saba imepita na bado ninaenda, karibu kila wiki, na yule binti ni mmoja wa watu ninaofurahia sana kucheza nao. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoka Buruburu jioni ile.

Kuutafuta usiku wenyewe

Salsa ya Nairobi haina nyumba yake, inapanga. Mwaka huu iko kwenye baa fulani ya Westlands. Mwaka ujao mwenye baa ameijaza sakafu meza za watu wa nyama choma, na kundi zima limehamia Kilimani au kando ya Ngong Road. Ndiyo maana sitakutajia ukumbi. Ukisoma haya baada ya miezi minane utafika ukute wanaonyesha mpira.

Sababu ya kuhamahama naijua kwa kuwa nami ni mfanyabiashara. Wenye baa hutupa usiku usio na wateja, Jumanne, Jumatano au Alhamisi, wakitumaini tutajaza kaunta. Sisi tunajaza sakafu. Mtu anacheza saa tatu mfululizo kwa chupa ya maji aliyokuja nayo kwenye mkoba, na mwisho wa mwezi mwenye baa anapiga hesabu. Somo la kwanza basi halina uhusiano na miguu: nunua kitu. Soda, maji, sahani ya chipsi. Ile chupa ya maji ya kaunta, hata ikiuzwa mara tatu ya bei ya duka, ndiyo kodi yetu.

Matangazo yako Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa dansi. Fuata walimu wawili watatu badala ya kufuata kumbi, kwa sababu ukumbi ukibadilika ni mwalimu anayetangaza. Na siku yenyewe, mchana, tuma ujumbe uulize: leo ipo? kiingilio ni ngapi? kuna darasa? Mimi nilishapanda matatu mbili, 58 kutoka Buruburu hadi mjini kisha nyingine hadi Westlands, nikakuta mlinzi peke yake anakunywa chai.

Darasa la wanaoanza huwa kabla ya soshali, yaani kabla ya ile sehemu ya usiku ambapo watu wanacheza tu, bila mwalimu. Nenda darasani hata kama umejifunza nyumbani. Kule ndani mnabadilishana wenzi kila baada ya dakika chache, kwa hiyo taa zinapopunguzwa tayari kuna watu kumi wanaokujua kwa sura na waliokwisha kukukanyaga. Hao ndio utakaowaomba kwanza.

Viatu, kwa kifupi

Usije na raba mpya za kukimbilia. Soli yake inang'ang'ania sakafu, wewe unageuka, goti linabaki. Si lazima ununue viatu vya dansi kutoka nje. Mimi nilichagua viatu vyepesi vya ngozi Gikomba, nikavipeleka kwa fundi Kariokor, nikamwambia abandue soli na kuweka ngozi ya swedi, upande wenye manyoya ukiangalia chini. Alinitazama kama mtu anayetaka matairi yasiyo na meno. Swedi inateleza kwa kiasi kinachofaa. Isipoteleza tena, isugue kwa brashi ya waya. Wala usitembee nayo barabarani, beba viatu kwenye mfuko ubadilishie ukumbini. Dada zangu, kisigino kirefu si sharti. Nawajua wanaocheza vizuri kuliko wote na viatu vyao ni bapa.

Kabla ya miguu, masikio

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoteza mwaka mzima.

Salsa inahesabiwa kwa nane. Unakanyaga moja, mbili, tatu; nne unaiacha ipite; unakanyaga tano, sita, saba; nane unaiacha. Anayeongoza anatoa mguu wa kushoto mbele kwenye moja na wa kulia nyuma kwenye tano, na anayefuata ni kioo chake. Ni hivyo tu. Tatizo ni kasi: nyimbo nyingi za kuchezea ziko kati ya mapigo 160 na 220 kwa dakika, na mtu mgeni akisikia hivyo anaanza kukimbia. Anaila ile nne. Anaila na nane. Baada ya nusu dakika yuko mahali pake mwenyewe na muziki uko mahali pengine, kama injini inayomisi silinda moja: inaenda, lakini gari zima linatetemeka.

Dawa niliyoipata ni kusikiliza konga, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono. Kwenye mdundo wake wa kawaida, kuna kofi kali kwenye mbili, halafu mapigo mawili ya wazi, tu-tum, kuanzia kwenye nne. Kofi tena kwenye sita, na tu-tum nyingine kwenye nane. Yaani pale pale usipokanyaga ndipo konga inaposema. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilikuwa ndani ya 58 jioni, Jogoo Road imefungwa kabisa, vipokea sauti masikioni, na nikacheka peke yangu mpaka mama aliyekaa karibu akasogeza kikapu chake. Kumbe lile pengo ni zamu ya mwenzako kuzungumza.

Wimbo ukishachangamka, waitikiaji wanaporudia mstari uleule na mwimbaji anajibu, mara nyingi kengele kubwa inaingia na kugonga kwa nguvu moja, tatu, tano, saba. Mgeni aliyepotea asubiri kengele. Itamrudisha barabarani.

Halafu kuna klave, vile vijiti viwili. Gonga mezani sasa hivi: moja, kati ya mbili na tatu, nne, kisha sita, saba. Mapigo matano, matatu kisha mawili. Wakati mwingine wimbo unaanza na mawili kisha matatu. Rudia mpaka mkono usihitaji kufikiri. Mwalimu alipotufundisha jambo hili darasani, wenzangu walihangaika, na mimi nikabaki nimeduwaa, kwa sababu nilikuwa ninalijua tangu utotoni. Marehemu baba alikuwa na sanduku la santuri za rumba ya Kongo, na Jumapili baada ya chakula aligonga pigo hilohilo kwenye kiti kwa pete yake. Si ajabu. Santuri za Kuba zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, zile zenye alama ya GV, na wanamuziki wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na Brazzaville wakazisikia kama mtu anayesikia mjukuu wake akiongea. Kisha Septemba 1974 wakaja wenyewe: Fania All-Stars, bendi ya lebo ya New York iliyoanzishwa mwaka 1964 na Johnny Pacheco na Jerry Masucci, wakapiga Kinshasa pamoja na Celia Cruz, kwenye tamasha lililopangwa kuandamana na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Pigano likaahirishwa hadi 30 Oktoba, muziki ukaendelea bila ngumi. Franco na TPOK Jazz walikuwemo kwenye tamasha hilohilo. Kwa hiyo mtu akikuambia salsa ni mambo ya wazungu wa Westlands, mwambie aulize babu yake.

Utasikia pia watu wakibishana juu ya "moja" na "mbili". Wanaocheza kwa moja wanabadilisha mwelekeo kwenye pigo la kwanza, wanaocheza kwa mbili kwenye la pili, mtindo ulioenezwa New York na mwalimu Eddie Torres. Wapo na wa mtindo wa Kuba, wanaozungukana badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari. Mimi nilifundishwa kwa moja na sijaona sababu ya kugombana na mtu. Chagua ule ambao mwalimu wako anafundisha, kaa nao mwaka.

Bachata ni pole zaidi na ndiyo itakayokupa furaha mapema. Hatua tatu upande mmoja, ya nne unagusa tu sakafu na nyonga inapanda. Hatua tatu kurudi, unagusa tena. Gitaa linalolia juu, besi, ngoma mbili ndogo za bongo, na chuma cha kukwaruzwa kinachoitwa güira, ambacho sikioni kwangu ni kayamba iliyoenda ughaibuni. Asili yake ni Jamhuri ya Dominika. José Manuel Calderón alirekodi za kwanza mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya dikteta Trujillo kuuawa, na kwa miaka mingi watu wenye heshima zao hawakutaka kuusikia, wakauita muziki wa vilabu na wa walioachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Juan Luis Guerra akaupandisha majukwaa makubwa, na mwaka 2019 UNESCO ikauweka kwenye orodha yake ya urithi. Rumba ya Kongo iliufuata mwaka 2021, kwa hiyo baba yangu na Wadominika sasa wako kwenye daftari moja.

Kizomba utaisikia pia usiku huohuo, ya Angola, ya polepole. Kaa nje ya sakafu mpaka ujifunze. Haitaki hatua nyingi bali kifua kwa kifua, na mgeni akibahatisha hapo anaonekana ana nia nyingine.

Kuomba, kukubaliwa, kukataliwa

Nenda mpaka alipo, simama pembeni kidogo si juu ya kichwa chake, nyosha mkono, sema "Dada, tucheze?" Inatosha. Usimvute. Usiashirie kwa kidole kutoka ng'ambo ya ukumbi kama unaita kondakta. Usimwombe anayekula, anayeongea na simu, au aliyeinama akivaa viatu. Yeye anasema "sawa" kwa haraka na kamba bado hazijafungwa. Wanawake huomba vilevile, na wanaume huombwa. Mama mmoja wa umri wangu huja kila mara na kuniambia, "Baba, simama, kiti hakikuoi."

Akisema hapana, jibu ni "sawa, asante," na unageuka. Hutaki sababu. Pengine miguu inauma, pengine wimbo haupendi, pengine ni wewe. Akicheza wimbo uleule na mwingine, hukuona. Usiku wangu wa pili nilikataliwa mara tatu mfululizo, nikajua kabisa ni kwa ajili ya ile habari ya nati.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo mwalimu wa Madrid hatakueleza. Mwanaume wa rika langu akiingia Westlands mahali penye wasichana wa miaka 25, watu wanamsoma haraka: sponsa, mzee anayehonga wasichana. Huwezi kulikanusha kwa mdomo. Unalikanusha kwa unavyocheza. Cheza na kila mtu, wakubwa kwa wadogo, hodari kwa wageni. Wimbo ukiisha sema asante, mrudishe alipokuwa, kisha ondoka. Usimnunulie mtu kinywaji kwa sababu amecheza nawe. Wimbo si deni. Usiombe namba usiku wa kwanza. Baada ya miezi mitatu vijana walianza kunisalimia kabla sijawasalimia, na wakaniachia kiti changu karibu na feni.

Mkono

Kidole gumba hakina kazi kwenye salsa. Laiti ningeambiwa sentensi hiyo moja. Vidole vyako vinne vinakuwa kama kulabu, vyake vinaning'inia juu yake, na unapomzungusha vinatakiwa viteleze ndani ya mkono wako. Ukikaza gumba, mkono wake unakwama lakini mwili wake unaendelea, na kinachoumia ni kifundo cha mkono au bega. Fundi yeyote anaelewa: kitu kinachozunguka kinataka nafasi. Beringi iliyobanwa inachemka.

Jambo la pili ni kumwambia mapema. Kama unataka azunguke kwenye tano, sita, saba, mkono wake uanze kupanda tangu kwenye tatu, taratibu, ili ajue. Ukiuinua kwenye tano umechelewa, na yeye atalazimika kukimbia kwa ajili ya kosa lako. Na inua mpaka juu kidogo ya kichwa chake, si zaidi; dada mfupi hahitaji kuning'inizwa kama nguo kwenye kamba.

Sasa, mitindo. Utaona mtu anafanya vitu kumi na vitano kwa wimbo mmoja. Mimi, kwa wimbo mzima wa dakika nne, nina kama sita: hatua ya msingi, kumpisha apite mbele yangu, mzunguko wa kulia, wa kushoto, kuachana kila mtu acheze miguu yake, na kusimama kabisa muziki unaposimama. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopigiwa makofi, na haihitaji darasa, inahitaji kuwa unasikiliza. Wimbo ukikata, kata. Mwenzako atacheka kwa sauti, kila mara.

Usimfundishe mtu kwenye sakafu. Akikosea, cheka, rudi kwenye msingi, endelea. Wapo wanaume, na wengi wao walianza jana, wanaomsimamisha dada katikati ya wimbo kumweleza mguu upi ulitakiwa kwenda wapi. Kilichofanywa na yule binti kwangu si kufundisha, alikuwa ananusuru kidole chake.

Kwa wanaofuata, nanukuu ninayoyasikia mezani kwa akina dada, mmoja wao mwalimu wa chekechea mwenye subira ya ajabu. Beba uzito wako mwenyewe, usimwegemee mtu. Usikisie, subiri ishara, na isipokuja baki kwenye msingi wako. Ukiwa na nafasi, pamba: bega, mguu, mkono ulio huru. Na mkono wa anayekuongoza ukishuka mahali usipotaka, uondoe wewe mwenyewe kwa mkono wako bila tabasamu. Ukirudi, acha wimbo hapohapo, huna deni la kuumaliza, na mwambie mwandaaji au mwalimu. Waandaaji wenye akili hawataki mtu wa namna hiyo ukumbini, maana dada mmoja akiacha kuja, anaacha na rafiki zake wanne.

Bachata inataka tahadhari moja zaidi. Ile ya Dominika ni ya miguu, ya kuchezacheza. Lakini nyingi unayoiona kwenye video ni ile ya mawimbi ya mwili na vichwa vinavyozunguka, iliyoanzia Cádiz, Uhispania, kwa Korke na Judith. Ni nzuri. Lakini shingo ya mtu si ya kujifunzia. Usimzungushe kichwa wala kumlaza nyuma mtu ambaye hujacheza naye, na hata uliyecheza naye, muulize. Anza kwa umbali. Akitaka kusogea atasogea mwenyewe.

Mke wangu aliposikia kuna dansi ya kugusana namna hiyo, alikuja wiki iliyofuata bila kualikwa. Alikaa, akaagiza samaki, akatazama kimya nyimbo kama nane. Halafu akasema, "Kumbe mnahesabu." Sasa tunakuja pamoja mara moja moja. Anacheza bachata tu, salsa anasema ina haraka kama ya mtu anayekwepa kanjo, askari wa jiji. Kama una mwenzi nyumbani, mlete aone kwa macho. Maelezo ya mdomo hayatoshi, nilijaribu.

Msongamano

Sakafu ya baa ni ndogo. Punguza hatua mpaka ziwe fupi kuliko kiatu chako. Anayeongoza ndiye macho: kabla hujamtuma mwenzako upande fulani, tazama kama kuna mtu au mhudumu mwenye sinia. Viwiko chini. Vua saa kubwa, pete yenye kito, na ile kamba ya kitambulisho cha kazini. Usicheze na glasi mkononi, wala usikatize katikati ya sakafu kwenda msalani, pita ukutani. Mkigongana sema "pole" hata kama ni yeye, naye atasema "pole", na wimbo unaendelea. Kisigino kikimwingia mtu kweli, simama, umwangalie.

Na jasho. Mimi hubeba shati tatu na taulo dogo, na hubadilisha shati kabla halijaanza kudondosha. Kwenye bachata hakuna siri. Usile kachumbari yenye vitunguu jioni hiyo, weka peremende mfukoni. Julai, beba na sweta: unatoka ukumbini umelowa, baridi ya usiku wa Nairobi inakungojea mlangoni, na asubuhi kifua kinapiga konga.

Kurudi

Nauli ya kurudi ipangwe kabla ya kutoka nyumbani. Matatu za Eastlands usiku mnene hazitabiriki, na kutembea mjini na mkoba wa viatu ukitafuta gari si jambo la kupendekeza. Sisi wa upande wa Buruburu, Umoja na Donholm tuna kikundi chetu cha watu watano. Saa tano na nusu tunaita gari moja la Bolt, tunagawana kwa M-Pesa, na anayeshuka wa mwisho anaandika "nimefika". Dada akiondoka peke yake, mtu anatuma namba ya gari kwenye kikundi. Hatukukaa kikao kuamua hayo, yalijitokeza tu baada ya mmoja wetu kupata shida usiku mmoja.

Lala na miguu juu ya mto. Asubuhi saa mbili mimi niko nyuma ya kaunta, na redio ya jirani ikipiga rumba miguu inaanza yenyewe chini ya meza: moja, mbili, tatu, pengo. Juzi mteja aliyekuja kutafuta breki pedi alinitazama mabega yakienda, akageukia kijana wangu, akamuuliza, "Huyu mzee anauza ama anaumwa?"

Kijana akamjibu, "Subiri ifike nane."